Kidole Nilichokiinua Kiwanjani

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, na niliusema nikiwa nimesimama, kwa sababu bwana mkubwa hakuniambia nikae. Alikuwa Mwingereza mwenye shingo nyekundu, mkuu wa kampuni moja ya mizigo pale bandarini, na alikuwa anatafuta karani. Aliangalia cheti changu, akaniuliza mambo mawili matatu ya hesabu, kisha jicho lake likaangukia jina la shule ya bara niliyosoma kwa mwaka mmoja kabla ya kurudi Dar es Salaam. Uso wake ukachangamka.

"Pale wanacheza kriketi," alisema. "Nawe ulicheza?"

Nikasema ndiyo.

Kweli ni kwamba pale shuleni kriketi walicheza wakubwa wa madarasa ya juu. Sisi wadogo kazi yetu ilikuwa kufyeka majani ya kiwanja, na tukishamaliza tulifukuzwa. Mpira wenyewe sikuwahi kuushika. Lakini kazi niliipata, na kwa muda wa miezi saba hakuna aliyeniuliza tena habari za kriketi. Nikausahau ule uongo, kama mtu anavyosahau mwiba ambao haumchomi anapokaa.

Ikafika siku bwana mkubwa akasimama mbele ya meza yangu. Akaniambia kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata timu ya kampuni ingecheza na timu ya Wahindi wa mjini. Waamuzi huwa wawili, kila upande hutoa mmoja, na mwamuzi wa kampuni alikuwa amelazwa kwa homa.

"Utasimama wewe," alisema.

"Vizuri, bwana," nikajibu, na mkono wangu ukaendelea kuandika, ingawa nilichoandika nililazimika kukifuta baadaye.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikaa na mama yangu Kariakoo, nyumba ya pili kutoka Mtaa wa Kichwele, katika chumba na ukumbi tulivyoachiwa na baba. Asubuhi mama alikaanga vitumbua barazani, na kila mpita njia alimfahamu. Ng'ambo ya barabara, chini ya ghorofa moja, palikuwa na fundi saa, Mhindi wa Kibanyani, mtu wa makamo, mwembamba, aliyezaliwa hapo hapo mjini. Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo, na akikasirika alikuwa na matusi ya Kariakoo pia. Kila asubuhi alinunua vitumbua vinne kwa mama, na mimi aliniita karani, kwa mzaha kidogo na heshima kidogo. Jumapili nilikuwa namwona akitoka na suruali nyeupe na gongo la kriketi limefungwa kwenye gunia.

Jioni ile nilivuka barabara nikamweleza. Sikumficha kitu.

"Umemwambia unajua?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na hujui."

"Hata kidogo, Fundi."

Alikivua kile kioo anachobana jichoni, akakiweka juu ya meza. Nilidhani atacheka, lakini hakucheka. "Hiyo timu ya Wahindi ndiyo yetu," alisema. "Nami siku hiyo nacheza."

Nikageuka kuondoka, maana niliona nimekosea njia. Akanizuia kwa mkono. "Kaa. Bora nihukumiwe na mtu aliyefundishwa kuliko na mtu anayebahatisha." Akanisogezea kigoda.

Kwa hiyo nilijifunza kriketi kwenye meza ya fundi saa. Alichukua kipande cha sabuni, akakikata nusu mbili, na katika kila nusu akachomeka njiti tatu za kiberiti. Juu ya njiti akalaza vipande vya unyasi. "Hizi ndizo wiketi," alisema. "Moja huku, moja kule. Katikati ni njia, hatua ishirini na mbili ndefu. Mchezo wote ni hizi njiti. Mmoja anarusha mpira azigonge. Mpinzani wake anasimama mbele ya njiti na gongo, anazilinda."

"Na wale wengine wote waliotawanyika?"

"Timu ina watu kumi na mmoja. Wanaorusha wote wako uwanjani, wanasubiri kudaka na kuokota. Wanaopiga huingia wawili wawili tu, kila mmoja kwenye mwisho wake. Nikipiga mpira ukaenda mbali, mimi na mwenzangu tunakimbia kubadilishana mwisho. Tukifika salama, huo ni mkimbio mmoja. Ukienda mpaka kwenye mpaka wa uwanja kwa kubiringika, ni minne. Ukivuka bila kugusa chini, sita."

"Na ukishindwa?"

"Natolewa, anaingia mwingine. Wakitolewa kumi, yule wa mwisho hana mwenzake, basi tumekwisha. Sasa wao ndio wanapiga, sisi tunarusha. Mwisho tunahesabu mikimbio ya nani ni mingi."

Ilionekana rahisi, nami nikamwambia hivyo. Akanitazama kama anavyoitazama saa ambayo mwenyewe amedai haina ubovu.

Siku zilizofuata nilikuwa nikitoka kazini nakwenda moja kwa moja kwenye kigoda. Alinifundisha kwamba mrushaji hurusha mkono ukiwa umenyooka, akikunja kiwiko ni kosa. Alinifundisha kwamba mipira sita ni ova moja, na ova ikiisha mwingine anarusha kutoka mwisho wa pili. Mama akanipa kokwa sita za ukwaju za kuhamisha kutoka mfuko mmoja kwenda wa pili, nisipoteze hesabu. Fundi alinifundisha namna za kutolewa: mpira kugonga njiti, mpira kudakwa kabla haujagusa chini, kukutwa katikati ya njia wiketi yako ikivunjwa. Na alinifundisha jambo lililonishangaza, kwamba mwamuzi hasemi mpaka aulizwe. Warushaji hugeuka kwake wakapiga kelele wote pamoja, "Vipi hapo?" Ndipo anapojibu. Akiona ametolewa, anainua kidole kimoja juu. Akiona hakutolewa, anatikisa kichwa, basi.

"Na nikiwa na shaka?"

"Ukiwa na shaka, mpigaji anabaki. Shaka yote ni mali ya mpigaji."

"Na mpigaji akikataa?"

"Hakatai. Kidole kikiinuka, anaondoka. Hata kama umekosea, hata kama wewe ni kipofu. Ndiyo kriketi."

Jumapili asubuhi tulikwenda Mnazi Mmoja na sanduku la mbao, tukalisimamisha mahali pa wiketi. Alitaka kunionyesha sheria moja iliyokuwa haiingii kichwani, ile ya mguu. Mpigaji haruhusiwi kuziba wiketi kwa mguu. Mpira ukimgonga mguuni, na ungekwenda kugonga njiti kama mguu usingekuwapo, ametolewa. Hapo nilielewa. Lakini akachora mstari mchangani kutoka kwenye sanduku kunijia mimi.

"Tazama hapa. Upande wa nyuma ya miguu yangu, nje ya mstari huu. Mpira ukidunda huku, halafu ukapinda ukanigonga mguu, sitoki. Hata ungekwenda kuvunja njiti zote tatu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo sheria." Kisha akafikiri kidogo. "Unanijia kutoka mahali nisipopaona vizuri. Sheria inanihurumia. Na anayeweza kujua ulidunda wapi ni mwamuzi peke yake, maana ndiye aliyesimama sawasawa na mstari. Mimi najua, na wewe unajua. Wengine wote wanakisia."

Alinirushia mpira, mimi nikaurudisha, mara ishirini labda, na kila mara akaniuliza umedunda wapi. Mwisho sikukosea hata mmoja. Akafurahi, akaninunulia maji ya miwa. Mchana ule ule nilibaki Mnazi Mmoja kusikiliza mkutano wa siasa, nikasimama na vijana wenzangu, na msemaji aliposema kwamba wakati wa kuwaogopa wakubwa umepita, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Jumamosi ikafika. Kiwanja kilikuwa upande wa Upanga, ambako siku zile nyumba zilikuwa chache na miembe mingi. Njia ya kurushia ilitandikwa jamvi la usumba, limekazwa kwa misumari pande zote, na lilikuwa na kiraka mahali lilipochanika. Nilivaa koti jeupe la mwamuzi aliyekuwa mgonjwa, likanipwaya mabegani. Mwamuzi wa upande wa pili alikuwa mwalimu mmoja mzee wa Kihindi, akanipa mkono kwa adabu kubwa.

Kwa upande wa Wahindi walikuja watu wengi, wake na watoto, na vikapu vya chakula. Fundi alikuja na baba yake. Mzee huyo nilikuwa nikimwona dirishani juu ya duka, amevaa kofia nyeusi. Alikuwa ameletwa kutoka Gujarati mwaka mmoja nyuma, baada ya mkewe kufariki, na Kiswahili hakukijua. Fundi alinivuta pembeni.

"Hajawahi kuniona nikicheza," alisema. "Anasema ni upuuzi, mtu mzima kufukuzana na mpira. Leo amekubali." Alikuwa na wasiwasi, akijifunga na kujifungua kamba za vikinga ugoko. Sikuwahi kumwona hivyo, mtu ambaye mikono yake ilikuwa ikishika vigurudumu vidogo kama punje ya mtama bila kutetemeka.

Timu ya kampuni ilipiga kwanza, ikapata mikimbio mia na kidogo. Nilihamisha kokwa zangu, nikajibu nilipoulizwa, na nilijibu sawa. Mwalimu mzee aliniangalia mara moja akainamisha kichwa kwa kuridhika. Nilianza kujiona.

Baada ya chai wakaingia Wahindi. Bwana mkubwa mwenyewe alirusha kutoka mwisho wangu. Ni desturi mrushaji kumpa mwamuzi vitu vyake amshikie, kwa hiyo alinipa kofia yake, nikaibana kwapani. Ilikuwa imelowa jasho, na ilinuka mafuta ya nywele. Mpigaji wa pili alipotolewa, akaingia fundi. Mpira wa kwanza aliuzuia. Wa pili aliupiga kwa ustadi, ukabiringika hadi mpakani, minne. Nilimwona yule mzee kwenye kiti chake akigeuka kumuuliza jirani yake kitu, na jirani akimwonyesha vidole vinne.

Mpira wa tatu ulidunda juu ya kile kiraka.

Kiraka kilikuwa nje ya mstari, upande wa nyuma ya miguu ya fundi, shibiri nzima. Niliuona ukidunda pale kama ninavyoiona sasa karatasi hii. Ukapinda ndani, ukamgonga mguuni mbele kabisa ya njiti. Bwana mkubwa akageuka. Uso wake ulikuwa mwekundu na mdomo wazi, mikono yote juu. "Vipi hapo?" Na nyuma yake watu wa ofisini wote, kila mtu aliyekuwa akinipa kazi au akisahihisha kazi yangu, wakauliza vilevile.

Naweza kusema niliduwaa, lakini sikuduwaa. Nilikuwa na wakati wa kutosha. Nilifikiri kwamba nikitikisa kichwa, ataniuliza kwa nini, na nikieleza, atajua kwamba sheria nimejifunza wiki hii kutoka kwa huyu huyu anayepiga. Nilifikiri habari ya shule. Nilifikiri mshahara. Yote hayo niliyafikiri nikiwa na kofia yake kwapani, kisha nikainua kidole.

Fundi alinitazama. Si kwa muda mrefu. Alishusha macho akakitazama kiraka, akalichukua gongo lake kwapani, akaondoka. Hakutikisa kichwa, hakunung'unika. Nilimwangalia akitembea mpaka kwa baba yake, na yule mzee akamsemesha neno huku akiinua kiganja, kama mtu anayesema, ndiyo haya tu?

Wahindi walishindwa kwa mikimbio michache. Bwana mkubwa alinipiga bega akaniambia nimefanya kazi nzuri.

Kuanzia Jumatatu nilibadilisha njia. Badala ya kutokea Kichwele nilizunguka nyuma, kupitia kwa wauza mkaa, nikafika kazini viatu vimejaa vumbi jeusi. Nilimwambia mama nina haraka. Wiki ya pili mama akaniambia, "Fundi anauliza kama unaumwa." Nikasema kazi ni nyingi. Mama aliendelea kugeuza vitumbua. "Mtu hazunguki kwa wauza mkaa kwa sababu ya kazi," alisema, na hakuongeza.

Nilijifariji kwamba sikuwa na la kufanya. Nilijiambia, yule ni Mzungu na ni mkubwa wangu, angenifukuza. Faraja hiyo ilidumu karibu mwezi. Kisha siku moja bwana mkubwa, akitia sahihi barua zangu, akaanza kuizungumzia ile mechi kwa furaha, na alipofika kwa fundi akacheka.

"Yule wa tatu kutolewa," alisema. "Ulipoinua kidole nilishangaa. Nilidhani mpira umedunda nje."

Nikamuuliza, "Mbona uliuliza, bwana?"

"Mrushaji huuliza tu," alisema. "Kukataa ni kazi ya mwamuzi." Akanirudishia barua, akaendelea na mambo mengine.

Hakuna aliyekuwa amenitisha. Nilirudi mezani kwangu na jambo hilo, na sikuweza kulielekeza kwa mtu mwingine. Ningetikisa kichwa, angerudi kurusha mpira wa nne, basi.

Jioni ile nilipita Kichwele. Fundi alikuwa ameinama juu ya saa ya mfukoni. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Kigoda kilikuwa pale, lakini hakuniambia nikae.

"Fundi, ule mpira," nikasema. "Niliona ulipodunda."

"Najua uliona."

"Ulidunda kwenye kiraka."

"Najua." Akaweka chini koleo yake ndogo. "Ningejua hukuona, ningelala usingizi siku ile ile. Mwamuzi kutoona ni jambo la kawaida."

Nikamwomba radhi. Akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Mimi yamekwisha," alisema. "Lakini baba yangu anaamini nilifanya ujinga. Kila nikitoka Jumapili ananiambia nisisahau kuondoa mguu. Panda juu umwambie."

Tukapanda ngazi, yeye mbele. Mzee alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha. Aliponiona aliunganisha viganja, akamwita mkwewe, mke wa fundi, na chai ikaletwa, yenye maziwa na tangawizi. Fundi akasimama mlangoni. Nilikuwa nimesahau kwamba mzee hajui Kiswahili, na kwamba kila nitakalosema itabidi mtoto wake alitafsiri. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Nilitaka kusema, niliona, na nikadanganya, kwa sababu nilimwogopa mkubwa wangu. Mzee alinitazama kwa upole, na kikombe kilikuwa cha moto mikononi mwangu.

"Mwambie mzee," nikasema, "mwanawe hakufanya kosa siku ile. Mimi ndiye niliyekosea."

Fundi alisubiri. Alinipa muda mrefu, zaidi ya ule niliokuwa nao kiwanjani. Mimi nikanywa chai. Mwishowe akageuka akasema maneno machache kwa Kigujarati.

Mzee alisikiliza, kisha akasema kwa urefu, akinionyesha kwa mkono wazi.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Anasema kila mtu hukosea. Anasema hajaona wengi wanaopanda ngazi kuja kukiri." Sauti yake haikuwa na chochote ndani yake. "Na anasema unywe chai, inapoa."

Tulipokuwa tunashuka, fundi alisimama kwenye ngazi ya mwisho. "Umesema ulikosea," alisema.

"Ndiyo."

"Nami nimetafsiri hivyo hivyo."

Alirudi kwenye meza yake. Ningeweza kupanda tena. Ngazi zilikuwa kumi na nne, na mzee alikuwa bado amekaa. Nikavuka barabara nikaenda nyumbani.

Bwana mkubwa aliponitaka nisimame tena kama mwamuzi, nilimwambia macho yangu hayaoni mbali vizuri. Akasikitika, akanishauri nitafute miwani. Kuhusu shule sikumwambia kamwe, mpaka aliporudi kwao. Fundi aliendelea kununua vitumbua vinne kwa mama, na akiniona aliniamkia kama anavyomwamkia mteja yeyote. Jina la karani aliliacha, akawa ananiita bwana.

Lakini yule mzee alibadilika. Alianza kushuka asubuhi kuota jua mlangoni mwa duka, na katika Kiswahili alichookota pale alijifunza neno moja la kunihusu mimi. Kila nilipopita kwenda kazini alisimama kwa shida, akaunganisha viganja, akaniita, "Mwamuzi." Aliwaeleza majirani Wahindi kwa lugha yao, na mmoja wao akaja kumwambia mama yangu kwamba mzee ananisifu mimi kwa ukweli. Mama alifurahi sana. Alikuwa akimpelekea vitumbua vya bure kila Ijumaa.

Nyuma ya mzee, ndani ya duka, fundi alikuwa ameinama juu ya saa zake. Hakuinua kichwa hata mara moja. Nami, kila asubuhi, kwa muda wa miaka mitatu mpaka mzee alipofariki, nilisimama barabarani, nikaunganisha viganja vyangu, nikaitikia.